Mkono wa Kushoto Ubaki Mfukoni

Jumatatu, 3 Machi

"Bekihendi ya mkono mmoja ni pigo la maonyesho tu. Kidole kimoja hakivunji chawa." Ndivyo alivyosema Daktari wa Meno leo jioni mbele ya ubao wa klabu, taulo shingoni, watu sita wakimsikiliza. Nanukuu neno kwa neno, asije akadai nimemsingizia.

Kwanza, pale hatuvunji chawa. Tunacheza tenisi. Pili, methali si hoja. Ni mahali pa kupumzikia mtu aliyechoka kufikiri. Tatu, yeye mwenyewe anang'oa meno kwa mkono mmoja, huku wa pili ukishika taya la mgonjwa. (Hoja ya tatu ina kasoro. Nitaitengeneza.)

Kwa kumbukumbu: bekihendi ni pigo la upande wa kushoto kwetu sisi wa mkono wa kulia, mgongo wa kiganja ukitangulia. Wengi siku hizi wanalipiga kwa mikono miwili, kama mtu anayefagia ua. Mimi kwa mmoja. Miaka kumi na tisa sasa. Mipira mingi imetoka nje, lakini imetoka kwa heshima.

Sasa shida yenyewe. Majina yetu yamepangwa ubaoni kwa nafasi. Wanane wa juu wanakwenda kwenye mashindano ya siku tatu ya mji wa jirani, yanayoanza Jumamosi ya tarehe 15. Mke wangu ni wa tano. Mimi ni wa nane. Daktari ni wa tisa, na leo ametumia haki yake ya kumwita uwanjani aliye juu yake. Tutakutana Jumamosi hii, saa kumi alasiri. Akinishinda anachukua nafasi yangu. Na kwa desturi ya klabu, wa nane hucheza pea, wawili upande mmoja, na wa tano.

Yaani na mke wangu!

Tumecheza pea miaka kumi na mmoja. Yeye kulia, mimi kushoto, ambako bekihendi ndiyo kazi yenyewe. Hatujawahi kuvuka raundi ya pili. Hilo halihusiani.

Nilimweleza mke wangu hali yote, kwa kirefu, kuanzia historia ya raketi. Akaniuliza kama nimeshakula.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa kocha. Mama wa makamo, mfupi, hana haraka. Tunamwita Bi Taratibu kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Akanirushia mipira ishirini upande wa kushoto. Minne iliingia. Saba ilipanda juu ya paa la stoo. Mingine sikuifuatilia.

Akasema ameona tatizo: mkono wangu wa kushoto hauna kazi. Unaning'inia kama mgeni asiyejua akae wapi. Inatakiwa ushike shingo ya raketi, uirudishe nyuma, bega ligeuke nao, halafu mpira ukifika uachie na wa kulia upige peke yake. Mkono wa kushoto haupigi, akasema. Unaandaa tu.

Unaandaa tu! Kila usaliti duniani ulianza kwa kuandaa tu.

Nilimjibu kwa adabu, maana ni mtu mzima na mimi nina malezi. Nikasema kwamba mkono mmoja kwangu ni msimamo. Mtu hawezi kuupinga mkono wa pili hadharani na kuutumia kichinichini. Huo ndio unafiki ninaoandika dhidi yake gazetini kila Alhamisi.

Bi Taratibu akaniuliza, "Na mpira wa kuanzia, Mwandishi, utaurusha kwa mdomo?"

Nikasema sevu ni mada nyingine.

"Haya," akasema. "Taratibu."

Uamuzi wa leo: mkono wa kushoto unaingia mfuko wa kaptula na kubaki humo. Utatoka wakati wa sevu tu. Nimejaribu mbele ya kioo. Naonekana kama mtu anayetafuta funguo, lakini mwenye mamlaka.

Jumatano, 5 Machi

Kazini. Mazoezi ya siri nyuma ya kabati la magazeti ya zamani, kwa rula ya chuma. Mkono mfukoni, goti limeinama, jicho mbele. Pigo la kwanza safi. La pili safi. La tatu rula ikachomoka, ikagonga kikombe cha Mhariri, na chai yote ikamwagikia barua za wasomaji. Nyingi zilikuwa zinaniunga mkono. Sasa hazisomeki.

Mhariri alitoka ofisini, akatazama chai, akatazama rula, akaniuliza makala ya kesho iko wapi. Nikampa. Maneno mia nane, yenye kichwa "Mikono Miwili, Dhamiri Hakuna". Akayasoma amesimama. Akasema wasomaji wanasubiri sehemu ya tatu ya mitaro ya maji machafu. Nikamweleza kwamba mtaro unaobeba uchafu wote wa zama zetu ni huu huu. Akasema atatafuta nafasi.

Amepata. Nimeuona ukurasa kabla ya kwenda mtamboni. Maneno tisini, chini ya tangazo la magodoro. Na kichwa kimebadilishwa: "Mazoezi Hujenga Afya".

Nimelalamika kwa maandishi. Kurasa mbili.

Jumamosi inakaribia. Mke wangu ananyoosha sketi zake nyeupe za safari. Mbili. Anapiga pasi huku anaimba. Sijui anaimba kwa ajili ya nani.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango mkubwa! Nimekwenda kliniki ya Daktari wa Meno kama mgonjwa wa kawaida. Malengo mawili. La kwanza, kuchunguza kiwiko chake akiwa kazini. La pili, kumshambulia kwa hoja akiwa hajajiandaa, ili Jumamosi aingie uwanjani na shaka moyoni. Nilikuwa na hoja tisa kwenye karatasi, mfuko wa shati.

Alinipokea vizuri mno. Akaniita mzee mwenzangu, ingawa amenizidi miaka mitatu. Akasema ameisoma makala yangu ya leo kuhusu afya na ameipenda.

Nikafungua mdomo kujibu. Hapo ndipo nilipokosea.

Kiti kililala. Taa ikaniwaka machoni. Pamba shavu la kushoto, pamba shavu la kulia, na bomba la kunyonya mate katikati. Kisha mtu huyu, kwa sauti ya upole kabisa, akaanza kunieleza faida za mikono miwili. Raketi inatulia. Kiwiko hakiumii. Mpira wa juu haukusumbui. Dakika arobaini! Kila nilipotaka kumkatiza alisema, "Usijibu, mzee mwenzangu. Fungua zaidi."

Nilimpinga mara tatu kwa nguvu zangu zote. Ilitoka "Aaa". Muuguzi akaandika kwamba mgonjwa anasikia maumivu, wakaniongeza ganzi.

Kiwiko sikukiona. Kilikuwa nyuma ya taa.

Jino moja kweli lilikuwa limeoza. Limezibwa. Kazi nzuri, lazima nikiri. Siwezi kumpinga mtu kwenye meno, huko sijasoma.

Ganzi haikuisha mpaka jioni. Nilimsimulia mke wangu mkasa mzima, naye hakuelewa hata sentensi. Akasema ilikuwa jioni ya amani sana.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango wa mwisho: jua. Mke wangu ni mpima ardhi, anajua pembe zote za dunia. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza tu, jua la saa kumi linakaa wapi juu ya uwanja wetu. Akanichorea kwenye karatasi ya miraba. Anayesimama upande wa stoo linampiga machoni moja kwa moja. Nikafurahi. Nikamwambia kwamba Daktari nitamkalisha upande wa stoo.

Akaniuliza, bila kuinua kichwa, "Na mkibadilishana pande?"

Miaka kumi na tisa ya tenisi, na hilo nililisahau. Nikasema nilikuwa nampima.

Akaweka penseli chini. Akasema maneno ambayo nayaandika hapa kwa sababu yalinigusa mahali, sijui wapi. "Mwandishi, mimi nataka kucheza na wewe. Yule kila akikosa mpira anaomba radhi. Siku tatu za radhi mimi siziwezi. Basi fanya alichokuambia Bi Taratibu, yaishe."

Nikamshika mkono. Nikamwahidi nitashinda.

Sikumwahidi kwa njia gani.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa utulivu.

Watu kama ishirini kwenye mabenchi. Bi Taratibu kwenye kiti cha mwamuzi. Mke wangu amekaa karibu na wavu, kofia kubwa, chupa yangu ya maji mapajani. Seti moja, anayetangulia kufikisha gemu sita ameshinda.

Mkono wangu wa kushoto ulikaa mfukoni, nidhamu tupu. Ulitoka kwa sevu, ukarusha mpira, ukarudi. Bekihendi zangu zilitoka nje kwa mpangilio: ndefu, ndefu, paa la stoo, ndefu. Hata hivyo nilikuwa hai, kwa kuwa Daktari anakosa sevu mbili mbili, akiomba radhi kila mara. Kwa njia hiyo tukafika tano kwa nne. Tano zake. Gemu moja tu, na mke wangu angekuwa wake. Namaanisha uwanjani.

Mpira wa kwanza wa gemu hiyo akaupeleka mbali kushoto. Nikakimbia. Nikanyoosha mguu. Mshono wa mfuko ukaachia, mkono ukatokea chini pajani, mtupu, hauna pa kukaa. Nao, bila kunishauri, ukaenda kushika shingo ya raketi kama ng'ombe anayerudi zizini. Bega likageuka. Mkono wa kulia ukaenda wenyewe.

Sijawahi kusikia sauti ile. Mpira ulipita chini, juu tu ya wavu, ukagonga kona ya mbali na kuondoka. Daktari hakusogea. Mtu mmoja benchini akasema, "Mama yangu!"

Nikapiga wa pili. Ule ule. Wa tatu. Wa nne Daktari aliufikia, akaanguka, akamwomba radhi Bi Taratibu. Tano kwa tano! Mabenchi yamesimama. Mke wangu amesimama, kofia imedondoka, anacheka kama msichana.

Bi Taratibu akaturuhusu tunywe maji. Nikanywa maji. Nikatazama chini, nikaona mfuko uliochanika, na mkono wa kushoto juu ya raketi, umetulia, kama umezaliwa pale.

Ndipo nilipoelewa nilichofanya.

Nikasimama. Nikamwambia mwamuzi, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba alama nne zilizopita zilipatikana kinyume na msimamo wangu wa miaka yote na naomba zifutwe. Bi Taratibu akasema hakuna kanuni kama hiyo. Nikasema kanuni iko moyoni. Akasema yeye anaandika kilichotokea uwanjani, ya moyoni nikamwandikie Mhariri.

Basi nikamgeukia Daktari. Nikamwambia, mbele ya watu wote, kwamba gemu ile ni yake, namkabidhi.

Nilitarajia akatae. Muungwana hukataa. Akikataa mara moja namsisitizia, akikataa mara ya pili nakubali, na tunaendelea tano kwa tano nikiwa nimemshinda kwa utu. Nilikuwa nimelipanga hilo lote katika muda wa kumeza funda moja la maji.

Daktari akafikiri kidogo. Akasema, "Ahsante sana, mzee mwenzangu." Akanipa mkono.

Mikono yote miwili.

Sita kwa nne. Sikuwa nimepiga hesabu kwamba gemu ile ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu hajagomba. Ningependa agombe, kugomba nakujua. Jana alisema mara moja tu, tukiwa tunarudi, kwamba lile pigo la kwanza ndilo zuri kuliko yote aliyowahi kuniona nikipiga. Leo ameishona kaptula. Mfuko wa kushoto ameufunga kabisa kwa uzi mweupe.

Jirani wa ghorofa ya chini alinikuta kwenye ngazi, akanifariji kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimemjibu kwamba methali hiyo ilitungwa na mshindi. Wewe umewahi kuona aliyeshindwa anaipenda?

Mchana Bi Taratibu amepiga simu. Kanuni inamruhusu aliyeporwa nafasi kuomba pambano la pili kabla ya timu kuondoka. Daktari amekubali. Ijumaa, saa kumi. Nilipoweka simu chini mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na raketi mbili.

Jumanne, 11 Machi

Siku mbili sasa tunafanya mazoezi alfajiri, yeye na mimi tu. Ananirushia mipira kutoka ndoo ya plastiki. Amekuja na futi yake ya kazini, ile ndefu ya kukunjwa, na chaki. Amechora mraba kwenye kona ya uwanja, mita moja kwa mita moja.

Kwa mkono wa kushoto mfukoni sikuweza kujaribu, mfuko haupo. Nikasema basi leo tu, kwa ajili ya utafiti, niushikishe raketi. Mipira kumi. Tisa mrabani. Wa kumi ulitoka kwa upana wa kidole, aliupima.

Alikuja mpaka wavuni. Akaniambia, "Unaona, mume wangu? Ulikuwa nayo siku zote." Jasho limemtoka puani. Nikaokota mipira yote kumi mwenyewe.

Nilipooga niliutazama sana mkono wa kushoto. Mkono wa kawaida. Kovu moja la utotoni. Hauna sura ya msaliti. Na mipira ile ilikuwa mitamu, siwezi kuiandikia shajara uongo.

Lakini utamu si ushahidi.

Jambo limenijia hapo hapo, na sabuni kichwani. Nikimshinda Daktari Ijumaa kwa njia hii, nani atakayekuwa ameshinda? Atasimama mbele ya ubao ule ule, taulo shingoni, na kuwaambia watu: hata Mwandishi amekubali mkono wa pili. Nitarudi ubaoni, naye ataondoka na hoja. Sitaki!

Mke wangu ameniita chakulani mara mbili. Nimeshaandika aya ya kwanza ya makala mpya.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ndefu. Yenye mafanikio.

Saa tatu asubuhi nilikuwa na kurasa nne. Saa nane, sita. Mhariri alisema gazetini hakuna nafasi hadi mwaka ujao, kwa hiyo hii itakuwa barua ya wazi, na wazi kweli: nitaibandika kesho alfajiri kwenye kioo cha mbele cha basi la timu, ndani, ili mvua isiiguse.

Saa tisa mke wangu alinipigia kutoka uwanjani. Aliniuliza kama barua haiwezi kungoja mpaka baada ya mchezo. Nikamweleza kwamba mchezo hurudiwa, hoja ikipoa hairudi. Akasema wako tayari wote, Daktari ameshapasha mwili, na kwenye benchi amenishikia nafasi kivulini. Nikasema niko kwenye aya ya mwisho.

Aya ya mwisho ilikuwa ngumu. Nilipotazama saa ilikuwa kumi na nusu. Mwamuzi husubiri dakika kumi na tano.

Amerudi saa kumi na mbili. Ameegemeza raketi yangu ukutani, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Ameniuliza kama barua imekamilika. Nikasema ndiyo. Akasema hongera. Sasa yuko chumbani anapanga sanduku. Haimbi. Nimechukulia kwamba anatafakari hoja zangu, na ni dalili njema, kwa maana yeye ndiye niliyemwandikia zaidi.

Nanakili hapa sehemu ya mwisho, isije ikapotea:

"Kwenu, wachezaji saba mnaosafiri na Daktari wa Meno. Mmeona kwa macho yenu mwenzenu akiikataa alama ya haramu, na mwingine akiipokea kwa mikono miwili. Hamkusema kitu. Mmepakia mabegi. Ninadai basi hili lisiwashwe mpaka Daktari acheze nami upya, mkono wake wa kushoto ukiwa mfukoni; mfuko achague mwenyewe. Ninadai jina langu lirudishwe katika nafasi ya nane kwa kalamu isiyofutika. Ninadai kila mmoja wenu atie sahihi hapa chini, kwa mkono mmoja. Na wale mtakaosema mwacheni Mwandishi, amezoea, nawauliza: mmezoea nini ninyi? Shukeni. Ninyi saba, shukeni kwenye basi sasa hivi. Na wewe uliye wa tano, mke wangu, shuka wa kwanza."